Mlembe hana kisasi

Warina asali wa Tabora wamerithi onyo la tangu enzi za mababu: usipomwachia mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali, sega lake, siku nyingine atakupeleka kwa chatu au simba. Ndege huyu anaonewa.

Anachofuata mlembe ni nta. Ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoweza kuimeng'enya, na majana ya nyuki pia anakula. Lakini hawezi kupasua gogo, na nyuki wakimvamia wanaweza kumuua. Mtu ana shoka na moshi. Ndiyo maana anakusogelea, analia mfululizo, anaruka mti hadi mti huku ametandaza mkia wenye weupe pembeni, anakungoja ufike.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mara nyingi huyazika au huyachoma masega ili abaki na njaa, aendelee kutafuta. Na kweli, ndege hao hawajaacha kuwaongoza kwenye asali.

Nyoka je? Pango la mti linalowafaa nyuki humfaa nyoka pia. Tena mtu anayetembea miomboni macho juu, akimfuata ndege, haoni kilicholala kwenye majani chini ya miguu yake.