Je, wajua kwa nini nekta haichachi tumboni mwa nyuki?

Mgema wa pwani anayepanda mnazi alfajiri hushuka na tembo tamu, lakini tembo hilo hilo likiachwa kibuyuni katika joto la Mombasa, kufikia adhuhuri huwa limeanza kutoa povu, jioni huwa kali, na baada ya siku kadhaa halifai tena ila kwa siki. Sababu ni kwamba utomvu wa mnazi ni maji yenye sukari, na maji yenye sukari yakikaa penye joto huvamiwa mara moja na hamira na bakteria walio hewani, kibuyuni na mikononi mwa mgema mwenyewe. Sasa tumtazame nyuki anayeruka kutoka kwenye maua ya mchu, kando ya hori la Tudor au kule Jomvu, akiwa amebeba nekta ndani ya mwili wake. Nekta nayo ni maji yenye sukari. Nyuki huipeleka katika mzinga wenye giza na unyevu, uliojaa chavua yenye protini nyingi, ambamo maelfu ya miili hugusana usiku na mchana na ambamo sehemu ya kulelea watoto hudumishwa kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35. Mahali kama hapo, kwa kila tunachokijua kuhusu chakula katika hali ya hewa ya pwani, pangetarajiwa kunuka uvundo, lakini mtu anayefungua mzinga wenye afya hukutana na harufu ya nta na maua.

Sehemu ya jibu inajulikana tangu zamani. Nyuki huipepea nekta kwa mabawa mpaka maji yake yapungue na kubaki karibu asilimia 20 au chini ya hapo, na sukari iliyokolea kiasi hicho huwafyonza maji bakteria wanaoiangukia hata wakashindwa kuishi. Nyuki huongeza pia kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho huibadili sehemu ya sukari kuwa asidi na hidrojeni peroksaidi, ile dawa ambayo wengi wetu tumewahi kumiminiwa kwenye kidonda ikatoa povu. Hata hivyo, maelezo haya yanaacha pengo. Kukausha nekta ni kazi ya siku kadhaa, ilhali tembo la mnazi huharibika kwa saa chache. Ni nani anayeilinda nekta katika muda huo, na ni nani anayeulinda utumbo wa nyuki mwenyewe, ambao kila siku hupitiwa na chakula kilichookotwa kwenye maelfu ya maua yaliyokwisha kuguswa na wadudu wengine?

Wanaoilinda ni bakteria wengine. Nyuki mtenda kazi mmoja, ambaye uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu, huweza kubeba utumboni bakteria wanaokaribia bilioni 1, na jambo linalonishangaza zaidi ya wingi wao ni uchache wa koo zao. Utumbo wa binadamu una mamia ya spishi zinazotofautiana baina ya mtu na mtu, lakini katika nyuki wa asali makundi makuu 5 tu hufanya takriban asilimia 95 ya bakteria wote wa utumboni. Mawili kati ya hayo, Snodgrassella alvi na Gilliamella apicola, yalielezwa rasmi na Waldan Kwong na Nancy Moran mwaka 2013, na majina yake ni heshima kwa watafiti wawili wa Marekani: Robert Snodgrass, aliyeuchora mwili wa nyuki kwa undani, na Martha Gilliam, aliyechunguza viumbe vidogo vya mzingani kwa miaka mingi. Yaliyosalia ni makundi mawili ya jamii ya Lactobacillus, ndugu wa bakteria wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, pamoja na Bifidobacterium.

Hawa hawakuchanganyika ovyo. Snodgrassella hujibandika kwenye ukuta wa sehemu ya mwanzo ya utumbo wa nyuma na kuitumia oksijeni inayopenya kutoka mwilini, kwa hiyo wanaokaa ndani zaidi hupata mazingira yasiyo na hewa wanayoyapenda. Juu yake hukaa Gilliamella, ambaye huvunja sukari na pektini za chavua na kuacha asidi ambazo Snodgrassella, asiyeweza kula sukari, huzifanya chakula chake. Lactobacillus na Bifidobacterium hujaa zaidi sehemu ya mwisho. Matokeo yake ni kwamba ukuta umeshikwa wote, chakula kimegawanywa chote, na kiini cha ugonjwa kinachoingia na nekta hukuta nyumba iliyojaa isiyo na hata pembe ya kutandika mkeka. Wataalamu wengi wanaouchunguza utumbo wa nyuki huanza na kinga hii ya kukalia nafasi kabla ya kutaja sumu yoyote, nami naona wana haki, kwa sababu ndiyo inayosahaulika upesi zaidi tunapotafuta dawa ya kutia chupani.

Sumu nazo zipo. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus hutoa asidi ya laktiki, na baadhi ya koo zao hutoa pia asidi nyingine au hidrojeni peroksaidi, vitu ambavyo wao wenyewe huvivumilia lakini bakteria wengi wa magonjwa hawavivumilii. Wengine hutengeneza bakteriosini, yaani protini ndogo ambazo kila moja hulenga adui maalumu. Mfano mzuri ni Apilactobacillus kunkeei, anayeishi katika maua, chavua na kifuko cha asali cha nyuki, yaani kile kifuko cha tumboni anachobebea nekta, ambaye aina yake moja imekutwa ikitengeneza protini iliyopewa jina la kunkesini A, inayomuua Melissococcus plutonius, bakteria anayeozesha mabuu ya nyuki kwa ugonjwa uitwao uozo wa mabuu wa Ulaya. Snodgrassella na Gilliamella wana silaha ya namna nyingine kabisa, ambayo mvuvi wa Mombasa angeitambua mara moja kuwa ni chusa: mrija wenye ncha, uliojikunja ndani ya bakteria kama springi, ambao hufyatuka na kumchoma bakteria jirani na kumwachia sumu mwilini. Silaha hii hutumika hasa kati ya koo zinazogombea ukuta ule ule wa utumbo.

Tena kuna msaada usio wa moja kwa moja. Bakteria hawa wa kudumu huuamsha mwili wa nyuki uweke tayari silaha zake mwenyewe, hasa protini ndogo iitwayo apidesini, inayoingia ndani ya bakteria adui na kukwamisha mtambo wake wa kutengeneza protini. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, nyuki waliokuwa na bakteria wao wa kawaida waliweza kuwaondoa bakteria wa Escherichia coli waliodungwa mwilini upesi kuliko nyuki waliolelewa bila bakteria wa utumbo.

Mkenya yeyote aliyewahi kusikia habari za sumukuvu atavutiwa na mlinzi mwingine, Bombella apis, anayepatikana kwa mabuu, kwa malkia na katika kifuko cha asali cha nyuki walezi. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba bakteria huyu huwakinga mabuu dhidi ya kuvu, na mmoja wa kuvu waliojaribiwa ni Aspergillus flavus, yule yule anayeingia katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya na kuyatia sumu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mzinga nao ni ghala la chakula, na kuvu huyo huyo hunyemelea mabuu yake.

Hapa ndipo swali linapohama kutoka kwa nyuki na kutufikia sisi. Mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na kila jamii ya viumbe iliyojifunza kuua bakteria kwa njia isiyo ya kawaida yastahili kuchunguzwa. Watu wa Mombasa waliopita madrasa wamesoma tangu utotoni, katika Sura ya An-Nahl, kwamba hutoka matumboni mwa nyuki kinywaji chenye ponyo kwa watu, na katika miaka ya karibuni maabara zimekuja kuchungulia tumbo hilo hasa. Mwaka 2008 Tobias Olofsson na Alejandra Vásquez wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walieleza kundi la bakteria wa asidi ya laktiki wanaoishi katika kifuko cha asali, na baadaye wakafanya kazi na aina 13 za bakteria hao. Mwaka 2014 walitangaza kwamba bakteria hao wakiwekwa pamoja huwazuia maabarani viini sugu vinavyotisha hospitali, miongoni mwao Staphylococcus aureus asiyesikia kiuavijasumu cha methisilini na Pseudomonas aeruginosa, na kwamba mchanganyiko wao na asali ulipopakwa kwa farasi 10 wenye vidonda vilivyokataa kupona kwa tiba nyingine, vidonda vyote vilipona.

Farasi 10 ni wachache, na kidonda cha farasi si kidonda cha mgonjwa wa kisukari aliyelazwa wodini. Ni lazima pia kutofautisha kuua bakteria katika sahani ya maabara na kuwaua ndani ya damu ya mtu, kwa kuwa asidi inayotenda maajabu juu ya ngozi haiwezi kudungwa mshipani. Ninavyoona, matumaini ya karibu yako katika mambo mawili: tiba ya vidonda vya nje, na protini kama apidesini na bakteriosini za utumboni, ambazo wanakemia wanaweza kuzibadili kidogo kidogo mpaka zifae. Apidesini tayari imezaa vizazi vya protini zilizoboreshwa maabarani.

Yafaa kusema waziwazi maana ya haya yote kwa chupa ya asali inayouzwa Marikiti au Kongowea. Bakteria hai wa asidi ya laktiki huwamo katika nekta mbichi na katika asali ambayo bado haijakomaa. Kadiri maji yanavyopungua nao hufa, na asali iliyofunikwa kwa nta haiwi tena na jeshi hai, ingawa baadhi ya vitu walivyotengeneza husalia ndani yake. Asali iliyochemshwa ili iwe nyepesi hupoteza pia kimeng'enya kinachotoa hidrojeni peroksaidi. Asali inayotumiwa hospitalini kwa vidonda husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za Clostridium botulinum bila kuipasha moto, na kwa sababu ya mbegu hizo hizo mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kulambishwa asali hata kidogo, ijapokuwa ni desturi ya nyumba nyingi. Kidonda kirefu, cha kuungua au cha mwenye kisukari kipelekwe kwa mhudumu wa afya.

Ushahidi wa thamani ya bakteria hawa kwa nyuki mwenyewe ulipatikana kwa njia ya kusikitisha. Nchini Marekani wafugaji wamewapa nyuki kiuavijasumu cha tetrasaiklini kwa miongo mingi ili kuzuia uozo wa mabuu, na mwaka 2017 Kasie Raymann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walionyesha kwamba dawa hiyo huifyeka jamii ya utumboni, na kwamba nyuki waliopewa dawa kisha wakarudishwa mzingani walikufa upesi kuliko wenzao, wakishambuliwa kwa urahisi na bakteria wa kawaida wa mazingira. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba bakteria wa nyuki wa Marekani wamejikusanyia jeni nyingi za usugu dhidi ya tetrasaiklini, ilhali nyuki wa nchi zisizotumia dawa hiyo mizingani walikutwa na jeni chache. Mwaka uliofuata ule wa 2017 ikaonekana kwamba hata glifosati, dawa ya kuua magugu, humpunguza Snodgrassella, kwa sababu hukwamisha kimeng'enya ambacho mimea na bakteria wengi wanacho lakini wanyama hawana.

Wafugaji wa hapa kwetu kwa desturi hawawapi nyuki viuavijasumu, na hiyo ni hazina. Nyuki wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki ana hata jina lake, Apis mellifera litorea, neno ambalo kwa Kilatini humaanisha wa ufukweni. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walichapisha uchunguzi wa bakteria wa utumbo wa nyuki wa Kenya na kuwakuta wenyeji wale wale wakuu wanaojulikana kwingineko duniani, ishara kwamba ukoo huu umeshikamana na nyuki kwa muda mrefu sana.

Namna unavyoshikamana naye ni ya ajabu. Nyuki anapotafuna kifuniko cha nta na kutoka seluni huwa karibu hana bakteria yeyote utumboni. Huwapata katika siku zake chache za kwanza, kwa kuwagusa dada zake na kwa kulamba masega ambayo wao wamekanyaga, wamelia chakula na wameacha choo chao. Mrinaji anayeingia mikokoni usiku na moshi wake, akachukua masega yaliyofunikwa na kuacha yale ya watoto na ya chavua, huwaachia mzingani yale ambayo nyuki wachanga watakaotoka juma lijalo watayalamba.