Homa ya mama mjamzito na ubongo wa mtoto

Mvua zinapoanza Lubumbashi, wamama wengi hufika CPN, yaani kliniki ya wajawazito, wakisema ni uchovu tu, na baadhi yao hugunduliwa wana malaria. Uchovu huo tusiupuuze, kwa kuwa unamhusu na mtoto aliye tumboni.

Vimelea vikiingia mwilini, chembe za kinga humwaga katika damu protini ziitwazo sitokini, mojawapo ikiwa interlukini-6, nazo huleta homa na maumivu. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita mchochota, ni kinga yetu wenyewe. Ikiwa kali au ikidumu, kondo la nyuma nalo huanza kutoa sitokini, na ubongo wa mtoto, ambao wakati huo unaunganisha seli zake za neva, hupata msukosuko. Humo mna chembe ziitwazo mikroglia, ambazo kazi yake ni kupunguza miunganisho isiyohitajika. Zikichochewa kabla ya wakati, kazi hiyo huweza kuvurugika.

Mwaka 2018 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima interlukini-6 ya wajawazito 84 na kupiga picha ubongo wa watoto wao wachanga. Kiwango cha mama kiliendana na jinsi sehemu za ubongo wa mtoto zinavyowasiliana, na pia na uwezo wake wa kumbukumbu alipofikisha miaka 2. Huo ni mwelekeo wa jumla, si hukumu: mama aliyeugua asilaumiwe na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe asijilaumu.

Malaria ina ujanja wake. Vimelea hujificha katika kondo la nyuma, hivyo mama anaweza kukosa homa kabisa, na kipimo cha damu ya kidole kisivione. Ndiyo maana tembe za SP, dawa ya kukinga malaria, hutolewa kuanzia juma la 13 la ujauzito, kwa kuachana angalau mwezi mmoja, mara 3 au zaidi, isipokuwa kwa mama anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kujinunulia dukani iachwe, hasa baada ya juma la 20, kwani huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Parasetamoli hushusha homa, lakini haitibu chanzo chake.

Ninachokihofia zaidi ni maambukizi ya mfuko wa uzazi, ambayo huweza kusababisha mtoto kuzaliwa njiti na kuumia ubongo. Maji yakivuja ukeni kabla ya uchungu, hasa yakiwa na harufu mbaya au yakiambatana na homa, mama afikishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.