Kwa nini usonji wa mtu mzima hupewa jina la ugonjwa mwingine?

"Huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" daktari anauliza. Kijana anafikiri kidogo, kisha anajibu, "Ndiyo."

Amesema kweli. Tangu aingie chumbani anasikia taa ya tyubu ikivuma juu ya kichwa chake, na feni ya chumba cha pili inayokwaruza kila ikizunguka. Daktari alikuwa anaulizia sauti za watu wasioonekana, ambazo ni dalili mojawapo ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Kijana ana usonji, hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane na kuhisi mambo, kama sauti, tofauti na wengine; kajibu swali kama lilivyoulizwa. Foleni nje ni ndefu, na kwenye faili jibu linaandikwa: anasikia sauti.

Mkanganyiko huu ni wa siku nyingi. Neno otizimu, ambalo sisi tunaliita usonji, lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kueleza jinsi mgonjwa wa skizofrenia anavyojifungia ndani ya nafsi yake. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 akitumia neno lilelile. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuja kuutenga usonji na skizofrenia mwaka 1980.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuonyesha usonji. Daktari hutegemea mazungumzo, kumtazama mtu, na historia ya utoto wake. Na hapa Dar es Salaam dalili zenyewe hujificha ndani ya malezi. Mwenye usonji mara nyingi huona taabu kutazamana na mtu machoni. Kwetu, binti anayeinamisha macho akimwamkia mkubwa husifiwa kwa heshima. Nani atamshangaa? Halafu salamu zetu ni ndefu: za nyumbani, za watoto, za kazi. Anayeziruka na kwenda moja kwa moja kwenye shida yake huambiwa ana kiburi, tena na ndugu zake mwenyewe. Naamini wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana wengi hujifunza mapema kuigiza: kukariri salamu, kucheka wenzao wakicheka. Kuigiza kutwa nzima kunachosha, mpaka mtu anafika hospitali na sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Inatibiwa sonona, basi.

Jina lisilo lake humgharimu mtu. Dawa kama haloperidoli huwasaidia sana wenye skizofrenia, lakini haiondoi usonji, na inaweza kukakamaza misuli, mtu akatembea polepole, uso umeganda. Nyumbani wanasema ugonjwa umezidi. Ila wapo wenye vyote viwili, kwa hiyo mtu asiache dawa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Usonji huanza utotoni. Skizofrenia kwa kawaida huingia ujanani au baadaye. Ndiyo maana shahidi mkubwa ni aliyekulea. Ukienda kliniki ya afya ya akili, iwe Muhimbili, Amana, Temeke au Mwananyamala, nenda na mama, shangazi au bibi. Aeleze ulianza kuongea lini, ulicheza na nani, ulivyokuwa ukishinda barazani ukipanga vifuniko vya soda mstari mmoja, na ulivyoziba masikio kwenye daladala konda akigonga bodi. Na swali lisipoeleweka, una haki ya kuuliza: "Sauti za namna gani, dokta?"