Kingamwili ya pili: nani anaihitaji, na nini kipimwe kwanza

Rituximab ni dawa ya dripu aina ya kingamwili, yaani protini inayoshika alama maalumu mwilini. Ikishaingia kwenye damu hutafuta alama moja tu, CD20, iliyo juu ya seli B, mojawapo ya seli za kinga. Ikiipata hujishika hapo, na kinga ya mwili huja kuimaliza seli hiyo. Ndiyo maana dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, ilikuja kuruhusiwa tena mwaka 2006 kwa baridi yabisi. Limfoma nyingi hutokana na seli B zilizoharibika na kuzaana ovyo. Kwenye baridi yabisi na lupasi, seli B hizohizo huchochea kinga iushambulie mwili wa mwenyewe.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu hapa Kampala. Wagonjwa wangu wanaozungumza Kiswahili hutoka Busia, Arua, Kasese, na ng'ambo ya mpaka huko Bunia na Goma. Siku hizi wengi huniuliza: "Musawo, kama dripu hii imenisaidia hivi, mbona usiniongezee nyingine ya aina yake?" Wamesikia kwamba Ulaya na Marekani watu hupewa kingamwili mbili. Ni kweli. Lakini ya pili ina maana pale tu daktari anapoweza kutaja kile ambacho ya kwanza imekiacha. Akishindwa kukitaja, anamwongezea mgonjwa gharama na hatari bure.

Tuanze na lupasi. Mwili nao hujitengenezea kingamwili, na zile mbaya zinazoharibu figo na viungo hutengenezwa na seli plazma. Hizi huzaliwa na seli B, ila zikikomaa hupoteza ile CD20, na baadhi hukaa ndani ya uboho wa mifupa kwa miaka. Rituximab hupita bila kuzigusa. Ni sawa na kufyeka magugu ya lumbugu shambani: majani yameondoka, mizizi iko palepale. Mwaka 2020 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za wanawake wawili wenye lupasi iliyokuwa imeshinda dawa nyingi. Waliwapa daratumumab, dawa ya mailoma (saratani ya seli plazma) inayoshika alama CD38 ambayo seli plazma zinayo kwa wingi, kisha wakawaendeleza kwa belimumab, kingamwili nyingine. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Wagonjwa wawili hawatoshi kubadili tiba ya dunia, lakini walionyesha pengo liko wapi.

Belimumab nayo ina kazi yake. Mwilini kuna protini iitwayo BAFF inayozitunza seli B zisife. Rituximab ikishafagia seli B, BAFF hupanda, kwa hiyo seli mpya zinapoanza kurudi hukuta matunzo tele, na hata zile mbovu ambazo zingekufa njiani huokoka. Belimumab huikamata BAFF. Uingereza walifanya jaribio la BEAT-Lupus kwa wagonjwa 52, wakitanguliza rituximab na kufuatisha belimumab au dripu tupu ya kulinganishia, na waliopata belimumab hawakulipukiwa sana na ugonjwa mkali kama wenzao. Jaribio jingine, BLISS-BELIEVE, lilianza na belimumab na kuweka rituximab baadaye. Hilo halikufikia lengo lake kuu. Majaribio hayo yalitofautiana kwa mengine pia, ila mimi nimejifunza kuuliza ipi itangulie kabla sijauliza ziwe ngapi.

Upande wa saratani, sababu ya kuunganisha ni kwamba seli za saratani hujua kukwepa. Kuna kingamwili zenye mikono miwili: mmoja hushika seli ya saratani, mwingine hushika seli T, yaani askari wa kinga, zikutane ana kwa ana. Kwenye mailoma, teclistamab hushika alama iitwayo BCMA na talquetamab hushika GPRC5D. Ukitumia moja peke yake, seli chache zilizoiacha alama hiyo huponea na kuzaana upya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba zikitolewa pamoja kwa kipimo kilichopendekezwa, wagonjwa 8 katika kila 10 waliitikia tiba, na hao ni watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshashindwa kwao. Nilifurahi sana kuyasoma. Kisha nikafika kwenye madhara: zaidi ya nusu ya wagonjwa walipata maambukizi makali. Seli zikifagiwa kiasi hicho, kinga nzuri huondoka pamoja na mbaya.

Wakati mwingine ya kwanza husafisha tu njia. Kabla ya glofitamab, nayo ya mikono miwili, kwa limfoma, mgonjwa hupewa obinutuzumab, inayoshika CD20 kama rituximab, siku saba mapema, ili seli B zipungue na seli T zisiamke zote kwa kishindo. Kishindo hicho kikitokea, homa hupanda na presha hushuka, na dawa tunayoikimbilia ni tocilizumab, kingamwili ambayo wagonjwa wa baridi yabisi wanaifahamu.

Dawa hizi mpya ziko mbali na wodi zetu. Rituximab ndiyo tuliyoizoea, na hata hiyo inadai uangalifu. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Nesi huichanganya kwa kuigeuza chupa taratibu, maana ukiitikisa inatoa povu. Mgonjwa hutangulizwa paracetamol na dawa ya mzio. Dripu ya kwanza huanza kwa miligramu 50 kwa saa na kuongezwa 50 kila nusu saa, huku tukipima presha na joto. Akianza kutetemeka au kusema koo linamwasha, tunaifunga kwanza, maswali baadaye.

Kabla ya hapo kuna homa ya ini B. Watoto wa Uganda walianza kuchanjwa mwaka 2002, kwa hiyo wagonjwa wetu watu wazima wengi hawakupata chanjo hiyo utotoni. Virusi vinaweza kulala kwenye ini miaka mingi, na rituximab ikiondoa seli B vinaamka na kuliua ini. Kipimo cha haraka cha HBsAg, kinachoonyesha virusi vilivyopo sasa, peke yake hakitoshi; nataka pia kile kinachoonyesha kama mtu aliwahi kuambukizwa. Anayeonekana hatarini huanzishiwa tenofovir, dawa ya kuvizuia virusi hivyo, na huendelea nayo mwaka mmoja au zaidi baada ya dripu ya mwisho. Mwenye VVU kwa kawaida anayo tayari ndani ya ARV zake, basi asibadilishiwe bila sisi kujua.

VVU vina somo lao. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa wa limfoma wenye VVU walioongezewa rituximab kwenye tibakemikali walikufa kwa maambukizi asilimia 14, dhidi ya asilimia 2 ya wasioongezewa, na wengi wa waliokufa walikuwa na CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo VVU huzimaliza, chini ya 50. Siku hizi, kwa ARV nzuri, sinyimi mtu rituximab kwa sababu ya VVU. Ila CD4 naiangalia.

Na niseme linaloniuma. Limfoma ya Burkitt, saratani kali ya seli B inayowapata sana watoto wa Afrika, ilielezwa hapahapa hospitali ya Mulago mwaka 1958. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba watoto wenye limfoma kali za seli B wakiongezewa rituximab kwenye tibakemikali, baada ya miaka mitatu asilimia 93.9 walikuwa salama bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 82.3 ya wasioongezewa. Shirika la Afya Duniani liliiweka rituximab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kingamwili moja kwa kila mtoto wa Burkitt anayeweza kuistahimili, kwangu mimi, inatangulia mbili kwa wachache.

Kwa aliyekwisha kuanza tiba: homa ikifika 38 usipitie duka la dawa kununua Coartem ya malaria ukasubiri siku tatu. Njoo upimwe malaria na damu yako ikaguliwe siku hiyohiyo. Na kama unasafiri na unadaiwa kadi ya manjano, usichome chanjo ya homa ya manjano. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga yako haiwezi kuvimudu. Mwambie daktari wako mapema akuandikie barua ya msamaha.