Pima msokoto wa mtutu kabla ya kununua vichwa vizito

Wenye bunduki za zamani za kaliba ya 7x57 au .303 hubishana sana kuhusu uzito wa kichwa cha risasi: greni 140 au 175? Mimi huuliza urefu kwanza. Mifuo ya mtutu, yaani mikato inayojipinda ndani yake, hukizungusha kichwa cha risasi ili kiruke kikitazama mbele, na kadiri kichwa kinavyorefuka ndivyo kinavyotaka kuzungushwa kwa kasi zaidi.

Mauser ya 7x57 ya mwaka 1893 ilitengenezewa kichwa cha greni 173, yaani gramu 11.2, chenye ncha butu, na mifuo yake humaliza mzunguko mmoja kila milimita 220; umbali huo ndio msokoto. Ndiyo maana kaliba hiyo hupatana na vichwa vizito; mwindaji W. D. M. Bell aliwinda ndovu Karamoja, Uganda, kwa vichwa vya uzito huo. Lakini mtutu wako huenda ulishabadilishwa, na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma hayakwambii msokoto. Pima.

Toa risasi zote, toa bolti, chungulia chemba. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake huzunguka kwenye beringi; wenye mpini usiozunguka hautakusaidia. Funga kitambaa kinachobana, usukume ufito kutoka nyuma hadi karibu na mdomo wa mtutu. Bandika kipande cha utepe kwenye ufito kikitazama juu, kisha chora alama pale ufito unapoingilia. Vuta taratibu mpaka utepe uzunguke na kurudi juu, uchore alama ya pili palepale. Umbali kati ya alama hizo ndio msokoto. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana sana, kitambaa kinateleza juu ya mifuo. Ongeza unene wake.

Sasa hesabu ya Greenhill ya mwaka 1879, inayotoa urefu wa juu kabisa wa kichwa: kipenyo mara kipenyo, mara 150, gawanya kwa msokoto. Kichwa cha milimita 7.21 kwenye msokoto wa 220 kinaruhusiwa urefu wa milimita 35.4. Kwenye msokoto wa 254, milimita 30.7 tu. Pima kichwa kwa kalipa, usitegemee picha ya pakiti. Kumbuka pia kwamba hesabu hii inahusu vichwa vyenye madini ya risasi ndani. Vya shaba tupu huwa virefu zaidi kwa uzito uleule, na shaba ni nyepesi, kwa hiyo navyo baki mbali na ukomo huo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wa hapa Nairobi hulisahau. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Hewa nzito hukiyumbisha kichwa zaidi. Kichwa kinachotoboa duara safi hapa, kama kilikuwa kwenye ukomo, kinaweza kuanza kupiga ubavu Mombasa.

Tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977, karatasi ya shabaha ndiyo shahidi wetu. Tundu lenye umbo la yai kwenye mita 100 ni kichwa kinachoyumba. Kwenye .303 usiharakishe kulaumu msokoto: kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, huwaka kwa joto kali na hula koo la mtutu, pale mifuo inapoanzia, na mitutu yenyewe hutofautiana upana. Sukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu safi, kisha ukipime kwa maikromita. Kikiwa kinene kuliko vichwa vyako, mifuo haivikamati vizuri. Hapo vichwa vyenye kitako bapa huwa bora kuliko vyenye kitako kilichochongoka.

Kama cheti chako kinakuruhusu kujaza risasi mwenyewe, kamwe usitumie kipimo cha baruti cha kichwa chepesi nyuma ya kizito. Kizito huongeza shinikizo, na kikizamishwa ndani ya ganda hula nafasi ya baruti. Anzia kipimo cha chini kabisa katika kitabu cha mtengenezaji, cha kichwa hichohicho na baruti hiyohiyo. Bolti ikiwa ngumu kuinua, au fataki ya kitakoni mwa ganda ikilala bapa kabisa, simama hapo. Mauser za 1893 na 1895 hazina kidole cha tatu cha usalama cha kuzuia bolti, kilichokuja na ile ya 1898. Usizipime kwa vipimo vya ile mpya.