Kuhitimu msahafu si kusoma barua za kale

Ujumbe umeingia saa tano usiku: "Ustadhi, mimi nilihitimu msahafu nikiwa na miaka tisa. Nitumie hizo barua zenu, Jumapili nakurudishia zote." Huyu ni wa nne mwezi huu kujitolea kutusomea barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ili tuzinakili kwa herufi za leo. Nikamtumia picha moja tu, barua ya mfanyabiashara wa pwani ya mwaka 1310 Hijria. Jumapili ikapita. Jumatano akaandika: "Huyu mtu hakujua kuandika."

Alijua sana. Asiyejua kusoma ni wewe, ndugu yangu, na nasema hivyo kwa mapenzi kwa sababu mimi nilianza na jeuri hiyohiyo.

Msahafu una irabu zote, na ukiteleza kuna maelfu waliouhifadhi watakaokusahihisha kabla hujameza mate. Barua ya Kiswahili haina hafidhi. Mistari miwili ya mwanzo ni ya Kiarabu, "ila jenabi sheikh fulani", yaani kwa mheshimiwa sheikh fulani, Mungu amsalimu, na hapo mhitimu wetu anakwenda kama ngalawa iliyopata kusi. Kisha linakuja "ama baadu", yaani baada ya salamu, Kiswahili kinaanza, ngalawa inapanda mwamba.

Tatizo ni kwamba hati ya Kiarabu ina irabu tatu na sisi tuna tano. Kasra, alama ya chini ya herufi, inabeba i na e; dhumma, alama ya juu, inabeba u na o. Herufi ب kwa waandishi wengi wa zamani ni b, ni p, ni mb. Ile n ya kabla ya d mara nyingi haiandikwi kabisa. Baadaye wako walioazima herufi za Kiajemi, پ na چ na wenzake, lakini usizitegemee kuzikuta.

Sasa chukua بيب. Juu ya karatasi hiyo ni bibi, ni pembe, ni pepe. Kijana mmoja, mwalimu wa tajwidi na mwenye sauti ya kuliza watu, aliniletea sentensi hii: "nimempokea bibi kutoka bara." Mstari uliofuata ulikuwa na neno frasila. Frasila ni kama kilo 16, na kwa frasila walipima pembe za ndovu. Bibi hapimwi kwa frasila.

Tulicheka, lakini kilichonikera hakikuwa bibi. Kilichonikera ni ile -m- ya "nimempokea", inayotumika kwa mtu, si kwa pembe. Nilirudi kwenye picha nikaikuza mpaka ikawa ukungu: mwandishi ameandika "nimepokea", basi. Kijana alikwisha kuamua ni bibi, akaona sarufi inamgomea, akaongeza kiambishi ili sentensi ikae vizuri. Karatasi ilikuwa inamnong'oneza kwamba amekosea, naye akaiziba mdomo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wangu wa kujitolea kila wiki. Wako Mombasa, Dar, Maskati, mmoja yuko Toronto anafanya kazi hii mtoto akishalala, na wote wana ugonjwa mmoja: kusahihisha. Wanaona "kitwa", wanaandika kichwa. Wanaona "mtanga", wanaandika mchanga. "Nti" inakuwa nchi. Nikiuliza, najibiwa kwamba mwandishi alikosea tahajia. Hakukosea! Hiyo t ndiyo kitambulisho chake, inaniambia ni mtu wa Mvita, yaani Mombasa, au wa upande wa Lamu. Barua nyingi zimepoteza bahasha, jina la mji halipo, mhuri haupo, na alama pekee iliyobaki ya huyu mtu alikotoka ni hiyo t unayoifuta kwa kuwa mwalimu wako wa darasa la tano angekukata maksi.

Anayenisaidia kuliko wote ni mama mmoja wa Lamu ambaye Kiarabu chake ni cha kuswalia tu. Anasoma kwa kunong'ona, anajaribu neno hivi na hivi mpaka sikio lake likubali. Wala si jambo jipya. W. E. Taylor, Mwingereza aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, pale pale Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa msomi wa lugha, lakini alimhitaji Mwalimu Sikujua, mjuzi wa Mombasa, amsomee na kumfafanulia. Muyaka alikuwa amekufa tangu 1840. Sikujua alikuwa na sikio.

Tarakimu za Kiarabu nazitaja haraka kwa kuwa zinanitia hasira. ٥ ni tano, si sifuri. Sifuri ni nukta. Ukisoma ١٥ kama 10 umemwibia mtu frasila tano. Na nzi aliyetua kwenye karatasi miaka mia iliyopita anaweza kugeuza moja kuwa kumi, kwa hiyo tazama kama nukta ina rangi ya wino au ya nzi. Tarehe iache kwa Hijria kama ilivyo. 1310 inaanza Julai 1892 na kuishia Julai 1893. Usiniandikie 1892 ukadhani umenisaidia.

Na wale wanaouliza kwa nini tusiiachie kompyuta: programu za kusoma mwandiko hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu ameshazisoma vizuri. Mkiifundisha "nimempokea bibi" itawapa mabibi mpaka kiama.

Lakini na mimi nina la kuungama. Utaratibu wetu ni kila ukurasa kusomwa na watu watatu bila kuonana, na walipokubaliana wawili tunapitisha. Kwenye utenzi siogopi sana, mizani minane ya kila kipande na vina vinanisaidia kujua kama ni i au e. Kwenye barua hakuna kina. Wawili wa Dar waliosoma shule za aina moja watakubaliana kwenye kosa moja, na yule mama wa Lamu atapigiwa kura ashindwe. Imetokea. Nimeanza kumpa uzito zaidi, na sina kanuni ya kuhalalisha hilo zaidi ya kwamba ninamwamini. Kuna siku ninajiuliza pia kama haki kabisa si kuacha ب bila kuamua, tukaandika maneno yote matatu pembeni. Nilijaribu kwa ukurasa mmoja. Ukawa hausomeki, hata kwangu.

Kwa hiyo, bwana wa saa tano usiku, picha ya pili nimekutumia. Ruka salamu, anza mstari wa tatu. Usipolijua neno weka mabano matupu. Nitakayoyahesabu kwanza ni hayo mabano, na usiporudisha hata moja sikutumii ya tatu.