Leso ya Desdemona na "sijui" ya Emilia

Katika tanzia ya Shakespeare iitwayo Othello, Iago anamdanganya mkuu wake Othello kwamba mkewe Desdemona si mwaminifu, na leso ya Desdemona inafanywa ushahidi, mpaka Othello anamuua. Iago hubeba lawama karibu zote, na anastahili. Akitajwa Emilia, mke wa Iago na mhudumu wa Desdemona, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaomfanya mshirika wa mumewe, na wapo wanaomwona shujaa aliyekufa kwa kusema kweli. Mimi naona wote wanaisoma tamthilia kwa haraka.

Dhana: Emilia aliiba leso

Hakuiba. Othello analalamika kuumwa na kichwa, Desdemona anataka kumfunga leso yake, Othello anaisukuma akisema ni ndogo, inaanguka. Wanaondoka bila kuitazama tena. Emilia anaiokota. Wazo lake la kwanza ni kuunakili urembo wake, ampe Iago, ambaye kwa maneno yake amemsihi mara mia aiibe. Iago anatokea na kuinyakua. Hapo Emilia anamwomba airudishe kama haina kazi ya maana, kwa kuwa Desdemona maskini atapata wazimu akiikosa.

Kwa hiyo si mwizi, ila alijua kabisa alichokitoa kina thamani gani kwa mwenyewe.

Dhana: Alizijua njama za mumewe

Hapa inafaa kurudi kwenye hadithi ya Kiitaliano ambayo Shakespeare aliitumia, ya Giraldi Cinthio, iliyochapishwa mwaka 1565. Humo mume, yule anayeshika nafasi ya Iago, ndiye anayeiiba leso mwenyewe, Desdemona akiwa amempakata mtoto mdogo wa mume huyo na mkewe. Mke anajua kila kitu, ananyamaza kwa kumwogopa mumewe, na mwisho anabaki hai kusimulia yaliyotokea. Shakespeare akageuza: akamnyang'anya mke ule ujuzi, akamtia leso mkononi. Emilia wake anafika mahali pa kuapa, Iago akiwa amesimama pale pale, kwamba kuna mlaghai anayetafuta cheo ndiye aliyemzushia Desdemona. Hajui anamsema nani. Na anapoambiwa kwamba ni mumewe, anarudia "mume wangu?" mpaka Othello anachoka.

(Kuna kauli yake moja katika tendo la tano, kwamba alifikiri hivyo wakati ule, ambayo wahakiki hawaachi kuivuta huku na huku. Kushuku si kujua.)

Dhana: Kosa lake kubwa ni kumpa Iago leso

Hili ndilo linalonisumbua, maana watu hulaumu kitendo cha kuitoa leso na kusahau jibu. Nenda onyesho la nne la tendo la tatu. Desdemona anamuuliza waziwazi: leso nimeipotezea wapi, Emilia? Anajibiwa: sijui, bibi.

Alipoitoa leso angeweza kujitetea kwamba ni kitambaa tu, matakwa ya mume mwenye mambo yake. Sasa anaulizwa na mtu anayemwamini, na jibu analo. Kisha Othello anaingia, anaidai leso mara kwa mara, sauti inapanda, Desdemona anababaika mpaka anadanganya kwamba haijapotea. Emilia yupo, anasikia yote. Othello akishatoka, anachosema ni kuuliza kama mtu huyu hana wivu! Sentensi moja tu ilihitajika: leso anayo Iago. Hakuisema siku hiyo, wala baadaye alipohojiwa na Othello mwenyewe na kuutetea usafi wa Desdemona kwa moyo wote. Aliitetea tabia ya bibi yake, akaificha habari ambayo ingemtetea zaidi.

Dhana: Mke wa zama hizo hakuwa na hiari

Utii ulidaiwa, ni kweli. Lakini Iago anapomwamuru arudi nyumbani mwishoni, Emilia anajibu kwamba ni haki amtii, ila si sasa. Hiyo "si sasa" inaonyesha kwamba mlango wa kukataa ulikuwepo, hata kama nyuma yake palikuwa na upanga.

Dhana: Kifo chake kilifuta kila kitu

Ushujaa wake haupingiki: anasema mbele ya mume aliyechomoa silaha, anachomwa, anaomba alazwe kando ya bibi yake. Ila Desdemona amekwisha kufa. Tena sikiliza anachokiri. Anasema aliiokota leso kwa bahati akampa mumewe, aliyekuwa akimsihi sana aiibe. Lile swali aliloulizwa na Desdemona, na jibu alilompa, halitaji mpaka anakata roho.